Ahadi ya Mwenye Duka: Mwongozo wa Kukusanya Chenji za Wakati wa Vita

Usianze na tembo wa dhahabu. Mtu akisikia kwa mara ya kwanza kwamba kuna wanaokusanya pesa za wakati wa vita, picha anayoonyeshwa ni ile ya rupia 15 ya Tabora ya mwaka 1916: upande mmoja tembo ameinua mkonga, nyuma yake mlima, upande wa pili tai wa Wajerumani. Ni sarafu nzuri, sina ubishi. Lakini zilitengenezwa 16,198 tu, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 7.168, dhahabu ya asilimia 75, na zilizobaki zimo makumbushoni na katika makabati ya matajiri. Ukiletewa moja mjini Lilongwe, imefungwa kwenye leso na muuzaji anatazama huku na huku, uwe na hakika ni shaba iliyochovywa. Rudisha leso, sema asante, endelea na safari yako.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeishi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka au mjini Lilongwe, hapa Malawi, au unayepita kati ya hizo mbili kwa kibali na nauli ya minibasi, na ambaye mfuko wako si mzito. Unachoweza kukusanya vizuri kuliko tajiri yeyote ni kile ambacho tajiri hakukitazama: chenji. Na ndani ya chenji kuna fungu moja tamu kuliko mengine, nalo ni chenji ambayo haikutolewa na serikali kabisa. Ilitolewa na mwenye duka, mwenye baa au mwenye shamba, pale vita ilipozimeza sarafu za kawaida.

Vita huzimeza vipi? Mambo huenda vilevile karibu kila mahali. Watu wakiingiwa na hofu, hufukia fedha na dhahabu, maana wanajua noti inaweza kuamka asubuhi ikiwa karatasi tu. Sisi tuliotoka Kongo hatuhitaji kufundishwa hilo. Tuliiona zaire ikifa, ikaja zaire mpya mwaka 1993, nayo ikafa. Kisha kiwanda cha sarafu hukosa madini, kwa kuwa shaba na nikeli zimekwenda kwenye risasi. Kisha meli hazifiki. Anayeumia mwanzo ni muuza mkate: mteja ana sarafu kubwa, mkate ni wa senti chache, chenji hakuna, mkate unalala. Hapo mwenye duka hujitengenezea chenji yake, kwa bati, kwa shaba, kwa kadibodi, hata kwa stempu za posta.

Kwanza uliza nani aliahidi

Kisa kinachofaa kukikariri kabla hujanunua chochote ni cha New York. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilianza mwaka 1861. Mwishoni mwa mwaka huo benki ziliacha kulipa kwa dhahabu, na mwaka uliofuata hata senti ndogo zikatoweka mitaani. Wenye maduka wakaagiza vibati vya shaba vyenye ukubwa wa senti: upande mmoja jina la duka na mtaa wake, upande wa pili picha yoyote iliyowapendeza. Inakadiriwa vilitengenezwa milioni 25 hivi, vya aina zaidi ya 10,000. Mwenye baa mmoja, Gustavus Lindenmueller, alitoa zaidi ya milioni moja peke yake. Abiria wakawa wanavitumia kulipia nauli ya tramu za kukokotwa na farasi, na kampuni ya reli ya Third Avenue ikajikuta na rundo lake. Ikampelekea avikomboe kwa pesa halisi. Akakataa, na hapakuwa na sheria ya kumlazimisha. Tarehe 22 Aprili 1864 bunge la Marekani likapiga marufuku sarafu za senti moja na mbili za watu binafsi, na Juni mwaka huohuo marufuku ikafika kwenye sarafu zote za binafsi.

Wapo waliokuwa wajanja zaidi ya Lindenmueller. Baadhi ya vibati vya wakati ule vina maneno makubwa yanayosema senti moja, na juu yake, kwa herufi ndogo za kutafuta kwa miwani, neno la kukanusha. Mwenye kukipokea ameona senti. Mwenye kushtakiwa atamwonyesha hakimu kile kineno kidogo.

Hapa ndipo shughuli hii inapotengana na kukusanya sarafu za kawaida. Shilingi au franka ina mdhamini mmoja, naye ni dola. Kibati cha duka ni hati ya deni iliyoandikwa juu ya chuma. Kwa hiyo kila kibati kinachoingia mkononi mwako kiulize mambo matatu: nani alikitoa, nani mwingine alikubali kukipokea, na nani alikikomboa hadi lini. Ukiyajua hayo matatu, hata kibati kilichosagika kina thamani katika mkusanyo wako. Usipoyajua hata moja, una kifungo cha koti.

Mfano mzuri wa ahadi iliyotimizwa uko Afrika Kusini, ingawa uhaba wa kule haukuletwa na vita. Strachan & Co., wenye maduka upande wa Umzimkulu, walianza kutoa vibati vyao mwaka 1874 kwa sababu sarafu za Kiingereza zilikuwa adimu sana huko ndani. Juu yake waliandika kwamba vinalipwa kwa bidhaa. Watu wa eneo lile walivitumia kwa miaka mingi kama pesa ya kawaida, kwa kuwa kila mtu alijua duka lipo na sukari ipo. Mmalawi aliyerithi vitu vya babu aliyekwenda kufanya kazi Afrika Kusini anaweza kuwa na kimoja bila kujua. Ukikiona, usikipite.

Zilizo karibu nasi

Sasa Tabora, lakini ile ya maskini. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, meli za Waingereza ziliifungia pwani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na sarafu mpya kutoka Ujerumani hazikuja tena. Rupia za fedha zikafichwa majumbani. Deutsch-Ostafrikanische Bank ikaanza mwaka 1915 kuchapisha noti za muda kwa karatasi yoyote iliyopatikana, zikitiwa saini kwa mkono moja baada ya nyingine, na kufikia mwaka 1917 noti nyingine zilikuwa zinapigwa kwa mihuri ya herufi za mpira. Kwa chenji, karakana ya reli karibu na Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu mwaka 1916. Zikatoka heller 5 za shaba ya njano, zaidi kidogo ya 300,000, na heller 20 za shaba ya njano na za shaba nyekundu, ambazo kwa jumla zilipita milioni moja. Upande mmoja kuna taji, herufi D.O.A. na mwaka, upande wa pili kiasi ndani ya shada la majani, na chini yake herufi T ya Tabora.

Hizi ndizo zako. Heller 20 ya shaba ya njano iliyotumika sana inanunulika na mtu wa kawaida, na ina kila kitu unachokitaka: haraka ya vita, ukosefu wa madini, mkono wa fundi. Hazifanani. Nyingine zimepigwa upande, nyingine zina nyufa, taji ni kubwa hapa na dogo pale, na ncha za herufi L katika neno HELLER hutofautiana kutoka muhuri mmoja hadi mwingine. Mkusanyaji anayejua hizo ncha anaweza kukaa na sarafu kumi za mwaka mmoja na asichoke kuzitazama.

Wakusanyaji wakali watasema hizi si za duka, ni za serikali, hivyo hazimo. Sikubaliani nao. Serikali iliyofungiwa bahari, inayopiga sarafu ndani ya karakana ya gari moshi, iko katika hali ya muuza mkate: inatoa ahadi ambayo kuitimiza kwake kunategemea nani atashinda. Na tujue nani alishinda. Tarehe 19 Septemba 1916 askari wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, wengi wao Wakongomani, waliingia Tabora. Babu zetu walikuwamo, kama askari na kama wapagazi. Huku Nyasaland, yaani Malawi ya leo, wapagazi wa vita vilevile waliitwa tengatenga, na Karonga, iliyopakana na himaya ya Wajerumani, ilipiganiwa Septemba 1914. Kwa hiyo mtu akikwambia sarafu yake ya D.O.A. imetoka kaskazini, usimcheke. Mwulize ilimfikiaje.

Upande wa kusini, karatasi zinazosakwa sana ni kadi za Bulawayo za mwaka 1900. Vita vya Waingereza na Makaburu vilikata njia ya reli, sarafu za fedha zikaisha, na ofisa wa serikali aitwaye Marshall Hole akabandika stempu za posta kwenye vikadi vidogo, akavigonga mhuri na kuahidi kuvilipa kwa pesa kuanzia tarehe 1 Agosti 1900. Mjini Mafeking, uliokuwa umezingirwa, walichapa noti zao wenyewe. Stempu kugeuka chenji si jambo la Bulawayo peke yake: Wamarekani walizifungia ndani ya visanduku vya madini mwaka 1862, na Wafaransa wakafanya hivyo baada ya vita vya kwanza vya dunia, nyuma ya kisanduku pakiwa na tangazo la duka. Kadi za Bulawayo hughushiwa sana na bei yake ni ya juu. Zijue ili usidanganywe; kuzinunua si lazima.

Vita vya pili vya dunia vimetuachia vitu rahisi zaidi. Tafuta franka 2 ya Kongo ya Wabelgiji ya mwaka 1943: ina pembe sita, ya shaba ya njano, tembo juu yake, na ilitengenezwa Philadelphia kwa kuwa Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Mzee yeyote wa Uvira au Bukavu ataikumbuka kwa pembe zake. Kwenye sarafu za Afrika Mashariki za miaka hiyo tafuta herufi ndogo: SA ni Pretoria, I ni Bombay, maana London haikuweza kukidhi mahitaji yote. Na hapa Malawi, iliyokuwa ikitumia sarafu za Rhodesia ya Kusini, peni na nusu peni zenye tundu zilibadilika mwaka 1942 kutoka madini meupe kuwa shaba, kwa kuwa nikeli ilihitajika vitani. Hizo si za duka, lakini ukiziweka kando ya kibati cha duka zinaeleza kwa nini kibati kilihitajika.

Kuhusu vibati vya mashamba ya mkonge, kahawa na chai, nakuomba tahadhari. Viko vingi Afrika Mashariki, vyenye namba, tundu na herufi mbili tatu. Vingi havikuwa pesa. Vilikuwa vya kuhesabia madebe ya kahawa au siku za kazi, na mwisho wa juma au mwezi vilibadilishwa kwa ujira. Vingine, ni kweli, vilipokewa na duka la shamba, na hapo vinaingia katika mkusanyo huu. Muuzaji atakwambia vyote ni pesa ya wakati wa vita, kwa kuwa neno vita linapandisha bei. Mwambie aonyeshe.

Mahali pa kutafuta

Lilongwe, watu wa vinyago na vitu vya kale wanakaa Mji Mkongwe karibu na posta. Huko utakuta sarafu zimemwagwa kwenye bakuli: tambala zenye jogoo, peni za Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland zenye tembo wawili, senti za Kenya. Pekua bakuli lote, taratibu, bila kuonyesha unatafuta nini. Muuzaji akiona mkono wako umesimama mahali pamoja, bei imeshapanda.

Mahali bora zaidi, na pasipopendwa na wakusanyaji wenye viatu safi, ni kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Shaba hununuliwa kwa kilo, na mizani haitofautishi kibati cha mwaka 1916 na bomba lililovunjika. Zungumza nao kabla lori halijapakiwa, uwaachie namba yako ya simu, na uwalipe zaidi ya bei ya kilo bila kunung'unika. Ukiwapunja mara moja hawatakupigia tena.

Kisha kuna maduka ya zamani ya Wahindi upande wa Area 2. Usiingie saa ya wateja wengi ukauliza mambo ya babu zao. Nunua kitu, salimia, ukirudi siku nyingine uliza kama familia ilitunza vitabu vya zamani vya hesabu, vocha, au mhuri wa duka. Mhuri unaweza kuwa na maana kuliko sarafu: ndio unaothibitisha kwamba jina lililo kwenye kibati lilikuwa duka la kweli. Kwa Wachewa wa makamo na wazee, sema unatafuta ndalama zakale au makobidi akale. Wataelewa mara moja, na huenda wakakucheka kidogo.

Ndani ya Dzaleka sokoni hutapata mengi, lakini majumbani kuna mengi zaidi kuliko unavyodhani. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, na leo ina watu zaidi ya 50,000 kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko. Mtu anapokimbia hachukui kabati. Anachukua kilichomo mfukoni na kilichofungwa kwenye pindo la kitenge. Sarafu hubaki. Ukimwendea mzee, salimia sawasawa, kaa, mwache aongee safari yake anavyotaka yeye. Mwulize baadaye: "Baba, dukani kwenu zamani, chenji ikikosekana mlipewa nini?" Swali hilo hufungua mlango ambao swali la "una sarafu za kale?" huufunga, kwa sababu la pili linanuka biashara. Akikuonyesha kitu, usiombe kukinunua siku hiyo. Omba kukipiga picha.

Na jamaa zako walioko ng'ambo usiwasahau. Wakongomani wengi wamepelekwa Ohio, Columbus na Dayton, na hilo ni jimbo mojawapo lililotoa vibati vingi sana vya maduka katika vita vile vya Marekani, hasa mji wa Cincinnati. Kwenye maonyesho ya sarafu ya huko, kibati cha kawaida cha mwaka 1863 hupatikana kwa makumi machache ya dola. Mwambie ndugu yako atafute chenye jina la duka na mji, akiache chenye bendera na picha za kizalendo tupu. Pia amwulize muuzaji namba ya Fuld, yaani namba ya kitabu cha George na Melvin Fuld, ambao walivipanga vibati hivyo na kuvipa vipimo vya uadimu kutoka R1, vinavyozidi 5,000, hadi R10, kilichobaki kimoja tu. Asikitume kwa barua ya kawaida. Akuletee mtu.

Kupima na kutunza

Sumaku ya spika iliyokufa inatosha kukuanzishia. Shaba nyekundu na ya njano hazinaswi. Heller 20 ikiruka na kuganda kwenye sumaku, ni chuma kilichopakwa, irudishe. Lakini usiifanye sumaku kuwa hakimu wa kila kitu: vibati vingi vya miji ya Ujerumani vya vita vya kwanza vilikuwa vya chuma na zinki, na cha chuma kitanaswa kihalali kabisa. Tazama ukingo. Sarafu ya kughushi iliyomiminwa kwenye kalibu ya mchanga huwa na mstari wa kiungo pembeni na vishimo vidogo vya hewa usoni, na herufi zake ni laini kama sabuni iliyotumika. Iliyopigwa kwa mhuri ina herufi kavu hata ikiwa imechakaa. Uzito utakusaidia kwa sarafu za viwanda vikubwa. Kwa Tabora usiutegemee sana, kwa kuwa zenyewe zilipigwa kwa haraka na haziko sawa.

Usisafishe. Narudia kwa sababu ndugu na marafiki watakushawishi: si kwa ndimu, si kwa siki, si kwa majivu, si kwa dawa ya kung'arishia shaba. Rangi ya kahawia iliyokaa juu ya shaba kwa miaka mia ni ngozi yake, na mnunuzi anayejua ataikataa iliyochunwa. Kama ina udongo, iloweke kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, uigonge polepole kwa kitambaa laini na uikaushe kivulini. Ukiona unga wa kijani unaodondoka, itenge na nyingine mara moja, kwani maradhi hayo huenea.

Adui wako Dzaleka ni masika na mchwa. Nyumba ya tofali za udongo hunyonya unyevu kuanzia Novemba hadi Aprili, na bahasha ya karatasi iliyoachwa sakafuni ni chakula cha mchwa. Weka kila sarafu kwenye bahasha yake ndogo, bahasha zote kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, na utie humo vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Jiepushe na mifuko laini ya plastiki inayonuka. Hutoa mafuta yanayokula shaba ikawa kijani.

Daftari

Hili ndilo ningekuwa mkali nalo kama ungekuwa mwanafunzi wangu. Sarafu bila daftari ni nusu. Kila kitu kipe namba, kisha andika upana wake kwa milimita, madini kwa rangi, maandishi yote kama yalivyo pamoja na makosa yake, tundu liko wapi, nani alikupa, wapi, na ulilipa kiasi gani. Halafu andika maneno ya aliyekupa kama alivyoyasema, kwa lugha aliyoyasema, hata kama huyaamini. Mzee akisema kibati kile kilinunua kibaba cha chumvi kwenye duka la Mwarabu fulani Fizi, andika hivyohivyo. Kukiwa na mtu mwingine aliyesema jambo lilelile, hapo una ushahidi wa yule aliyekubali kupokea, lile swali letu la pili. Usijaze pengo kwa kubahatisha. Acha nafasi tupu. Na piga picha pande zote mbili, kando ya mlango mchana, bila taa ya simu, ukiwa umeweka rula pembeni.

Mambo mawili ya adabu na mawili ya sheria. Usinunue kadi ya mgao wa chakula wala hati ya mkimbizi yeyote, hata ikiwa ya zamani na hata kama mwenyewe anataka kuuza kwa njaa. Hiyo ni sehemu ya maisha yake na inaweza kumletea matatizo. Usichimbe makaburini wala kwenye viwanja vya vita vya Karonga. Malawi ina sheria ya mwaka 1990 inayolinda kumbukumbu na mabaki ya kale, kwa hiyo ukitaka kuvuka mpaka na kitu cha zamani, uliza kwanza idara ya makumbusho. Na tangu mwaka 2023 serikali imekuwa ikisisitiza wakimbizi wakae kambini: usiende Lilongwe bila kibali kwa ajili ya sarafu. Hakuna heller inayostahili usiku mmoja kituoni.

Chenji za leo

Uhaba wa chenji haukuisha na vita. Zimbabwe ilipoacha dola yake mwaka 2009 na kutumia ya Marekani, noti zilikuwapo lakini sarafu hazikuwapo. Wenye maduka wakarudishia wateja peremende, kalamu, na vikaratasi vya kudai chenji siku nyingine, mpaka serikali ilipotoa sarafu zake za bondi Desemba 2014. Vikaratasi vile vilikuwa vibati vya Lindenmueller vilivyozaliwa upya, na vingi vimetupwa. Vichache vilivyobaki vinafifia, kwa kuwa wino wa mashine ya risiti haudumu. Ukipata kimoja kwa Mmalawi aliyekuwa Harare, kipige picha siku hiyohiyo na ukiweke gizani, mbali na plastiki.

Madukani kwetu pia mambo ni yaleyale kwa udogo wake. Chenji ikikosekana utaambiwa urudi kesho, utapewa pipi, au utaandikiwa kwenye kipande cha boksi kiasi unachodai na jina la mwenye duka. Huduma za pesa kwa simu, Airtel Money na Mpamba, zinaviua vipande hivyo haraka kuliko tunavyotambua, na hakuna makumbusho ninayoyajua yanayovitunza. Vinagharimu bei ya pipi.

Kwa hiyo naomba kitu kwa wenye maduka wa Dzaleka, hasa mnaosubiri safari ya kwenda Kanada, Marekani au Australia. Kabla hamjafunga duka, chukueni kipande kimoja cha chenji mlichowahi kuandika, muandike nyuma yake jina la duka, sehemu ya kambi, mwaka, na kitu gani kilinunulika kwa kiasi hicho. Mpeni kijana anayeanza kukusanya. Nanyi vijana, mkikipokea, kipeni namba siku hiyohiyo.